Dumu la Macho

Kwa miaka kumi na tisa kaka yangu alikuwa na dumu la maji ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Lilikuwa dumu la kawaida tu, la njano, la lita ishirini, limekaa juu ya matofali mawili ndani ya banda lake la betri, kando tu ya mlango, na lilikuwa safi kuliko vyombo vyangu vya chai. Maji yake hayakuwa ya kunywa, wala ya kunawa, wala ya kupikia. Yalikuwa maji ya macho. Asidi ikimrukia mtu machoni, analetwa pale moja kwa moja, anainamishwa, anamiminiwa maji mpaka dumu liishe. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyerukiwa, na mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kwenda likizo, nilimcheka kwa ajili ya dumu hilo karibu kila siku.

Siku hizi najua watu wanasema nini juu yake. Wanasema fundi aliyewafundisha wenzake wote alisahau somo lake mwenyewe. Nimechoka kuyasikia maneno hayo, ingawa mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kuchoka.

Tulizaliwa wawili tu. Hasira za ukoo mzima nilizirithi mimi, yeye akaachiwa upole. Redio ya baba niliivunja mimi, fimbo akala yeye, kwa sababu alifika kwa baba kabla yangu akasema ni yeye. Nilikuwa na miaka saba, nimejificha nyuma ya mlango, na nakumbuka nilifurahi. Alipokua akawa mtu wa kunyamaza na kufanya. Alikwenda kujifunza kazi ya betri kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na jicho moja. Jicho la pili lilikwenda na asidi, siku ambayo alijifuta kwa mkono wa shati, halafu akaanza kuuliza barabarani nani ana maji. Kaka alirudi nyumbani siku ya kwanza ya kazi akaniambia, "Yule mzee si asidi iliyompofusha. Ni ile safari ya kutafuta maji." Nadhani dumu lilianzia hapo.

Banda lenyewe lilikuwa la mabati, mlango ukitazama barabara. Ndani kulikuwa na benchi refu, mashine ya kuchajia inayonguruma mchana kutwa, na betri zimepangwa chini juu ya mbao. Suruali za kaka zilikuwa na matundu madogomadogo kila mahali, maana asidi haichagui nguo, na mkewe, wifi yangu, alizitia viraka mpaka viraka navyo vikatoboka. Mimi nilikuwa nauza chai chini ya ukingo wa bati hilohilo, upande wa kulia. Upande wa kushoto alikaa fundi wa pancha na beseni lake la maji meusi, yale anayozamisha mpira ili aone povu linatokea wapi. Watatu sisi tulikuwa kama watu wa nyumba moja, kugombana kukiwemo.

Kila asubuhi, kabla hata ya kuweka mfuko wake chini, kaka alilishika dumu kwa mkono mmoja na kulinyanyua kidogo apime uzito. Likiwa zito, analirudisha, anachukua chaki na kuweka alama moja ukutani juu yake. Kila mwezi mstari wake. Hata Jumapili alipitia, akanyanyua, akaandika, akaenda zake. Ijumaa aliyamwaga maji ya zamani akadekia sakafu, akajaza mapya. Wifi akija na chakula cha mchana alisimama mbele ya zile alama akizihesabu kwa kidole, kwa kejeli, na kusema, "Laiti ungekuwa unanihesabu mimi hivi." Kaka anacheka. Wateja walimwita Bwana Dumu, naye aliitikia.

Mtu akileta betri inayovuja, alikuwa hatoki bila kufundishwa. "Umeishika kwa mikono mitupu?" atamwuliza. "Haya, nenda kanawe kwanza, usijiguse uso." Kisha ataanza: ukiona unga mweupe au unyevu kwenye betri, zima gari, vaa glavu na miwani, fungua nati ya hasi kwanza ndipo chanya, usiilaze ubavu, iweke kwenye kitu cha plastiki mahali penye hewa, pasiwe na moto wala sigara. Palipomwagika nyunyiza magadi mpaka yaache kutoa povu, kisha suuza. Lakini magadi ni ya sakafu, si ya mwili. Mwilini ni maji, na machoni ni maji safi, mengi, robo saa nzima. Alilikazia sana lile neno safi. Dereva mmoja wa teksi, mtu wa haraka aliyekuwa mteja wake wa miaka, alimwambia siku moja, "Fundi, mimi nimekuja kuchaji betri, sikuja kuhubiriwa." Kaka akamjibu, "Betri itachajiwa. Wewe nani atakuchaji?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Sasa ije ile siku. Ilikuwa tarehe kumi na nane, na mfereji wa mtaa, ambao kwa kawaida hutoa maji mara mbili kwa wiki, ulikuwa haujatoa hata tone kwa siku nane. Hata Ijumaa iliyopita kaka hakuyamwaga maji ya dumu, aliyaacha yaleyale. Nyumbani nilikuwa nimebakiwa na nusu ndoo. Nilikuja nayo. Saa tatu asubuhi ilikuwa imekwisha, na wateja wangu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja, watu wa ujenzi wa jirani, watu ambao wakikosa chai leo kesho wanahamia kwingine. Kaka alikuwa ndani, mgongo wake kwangu, mashine inanguruma. Dumu lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye jiko langu.

Nilichukua kidogo. Naapa nilichukua kidogo, sufuria moja. Nikajiambia jioni nitarudisha, maana mtu mmoja alikuwa amesema maji yatafunguliwa jioni. Halafu vikombe vikataka kuoshwa. Halafu sufuria ya pili. Kila mara nilikuwa na sababu nzuri, na kila mara nilitupa jicho ndani kuona kama amegeuka. Miaka kumi na tisa, nilijiambia, hakuna aliyerukiwa. Saa tano dumu lilikuwa na kama kikombe kimoja chini kabisa. Nililifunga kizibo vizuri, nikalirudisha juu ya matofali yake, na nikaligeuza ule upande uliochakaa uelekee ukutani, kama yeye anavyoliweka. Nataka hilo lijulikane. Sikulisahau mahali wala sikulitupa. Niliuweka uongo pale mlangoni, nikarudi kwenye chai yangu.

Saa tano na nusu yule dereva wa teksi akaja na betri kwenye buti, imefungwa kwa gunia, gunia limelowa. Ubavu wa betri ulikuwa na ufa. Kaka aliifanyia kila kitu kama anavyofundisha. Alivaa glavu za mpira, akashusha miwani, akamwambia dereva azime sigara na asimame mbali. Akaitia betri kwenye karai la plastiki. Akanyunyiza magadi kwenye buti na juu ya betri, tukasikia ule mchemko, akangoja utulie, akafuta kwa matambara. Ndoo yake ya kazi ilikuwa na maji kidogo, akayamaliza hapo kwa kusuuza buti. Maji ya kujazia betri nayo yalikuwa yamemwishia tangu juzi, mwuzaji wake alikuwa akilia na mfereji kama sisi sote.

"Hii imekufa," akamwambia dereva. "Iache hapa, isirudi kwenye gari."

"Niiache vipi, fundi? Si nitawauzia wale wanaonunua mbovu."

"Nitakuuzia mimi. Usiiguse."

Akapandisha miwani juu ya paji la uso ajipanguse jasho kwa bega, akainama kuokota matambara. Kazi ilikuwa imekwisha. Na dereva, mtu wa haraka, akaona anapotezewa muda, akaishika ile betri kwa kamba yake akaivuta juu. Ufa ukafunguka. Upande mmoja ukaachia, betri ikaanguka tena ndani ya karai, na asidi iliyokuwa imebaki ndani yake ikamrukia kaka usoni.

Kaka hakupiga kelele. Alisema, "Dumu." Alikuwa amesimama amefumba, glavu ameshazing'oa, mikono ameinyoosha mbele. "Dada, dumu."

Nililishika. Lilipanda kwa wepesi, mkono ukaruka juu kuliko nilivyokusudia. Alikuwa ameshainama mbele yangu, amefungua macho yake kwa vidole kama alivyokuwa akiwaonyesha watu, kope juu kope chini, na macho yenyewe yalikuwa mekundu tayari. Nikammiminia kile kikombe kimoja. Kikaisha kabla sijavuta pumzi.

"Endelea," akasema.

Sikuwa na cha kuendelea nacho.

"Dada, endelea."

"Yamekwisha, kaka."

Kwenye jiko langu sufuria ilikuwa inatokota. Maji yake yalikuwa pale, lita zake, na majani na sukari ndani yake. Niliitazama ile sufuria. Sijui ni kwa muda gani. Kisha nikakimbia. Dereva naye akakimbia, fundi wa pancha akakimbia, kila mtu upande wake, tukitafuta maji safi. Duka la jirani maji ya chupa yalikwisha tangu siku ya tatu. Nikavuka barabara, nikaingia duka la pili, hawana, la tatu nikapata chupa tatu. Nilisukuma watu, nilitukana mtu aliyeniuliza pesa, nikarudi nikihema. Kaka alikuwa bado ameinama mahali palepale, vidole bado vimeshika kope, akingoja. Alikuwa ananingoja mimi. Fundi wa pancha anasema zilikuwa dakika kumi na mbili. Siwezi kubishana naye, mimi sikuwa nahesabu.

Hospitali daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyechoka. Aliuliza swali moja mara mbili: baada ya asidi kuingia, ulipita muda gani kabla ya maji?

"Nilikuwa na dumu," kaka akasema. Alikuwa amelala chali, bandeji usoni. "Lilikuwa tupu. Nilisahau kulijaza. Kosa langu, daktari."

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Wifi alikuwa kichwani. Ulimi wangu, huu unaojulikana mtaa mzima, ulikuwa mdomoni mwangu na haukufanya lolote.

"Na hapakuwa na maji yoyote?" daktari akauliza. "Hata machafu? Ya kufulia, ya mtaroni? Jicho likiwa na asidi halingoji maji safi. Uchafu tungeutibu baadaye."

Hapo ndipo nilipolikumbuka beseni la fundi wa pancha. Lilikuwa limejaa. Wakati wa kukimbia nililiruka kwa mguu mmoja nisilikanyage. Dereva aliliruka. Mwenye beseni mwenyewe aliliruka, kwa sababu kaka alitufundisha sote kwamba ya macho lazima yawe safi, nasi tulikuwa wanafunzi wazuri.

Jicho la kulia walilitoa. La kushoto linajua kwamba mlango uko wazi au umefungwa, basi. Daktari alisema lisitegemewe zaidi ya hapo, na hakuna aliyemwuliza mara ya pili.

Wifi hakulia hospitalini, alingoja afike nyumbani. Kisha akamwambia maneno niliyoyasikia kutoka uani. "Watu wote umewafundisha. Miaka yote dumu lina thamani kuliko sisi, Jumapili unaliacha kanisa na mimi barabarani ukaliangalie. Siku moja tu lilipotakiwa, umesahau." Kaka akasema, "Ni kweli." Tangu siku hiyo anampikia, anamwogesha, anampeleka chooni, na hamwambii neno lisilo la lazima. Sio mwanamke mbaya. Ana hasira na mtu aliyezembea, akaiacha familia yake gizani kwa uzembe, na mtu huyo kwa anavyojua yeye ni mumewe. Ningekuwa mimi ningemfanyia vibaya zaidi.

Mimi niliendelea kuuza chai. Kila Ijumaa nilichukua ufunguo, nikamwaga maji ya dumu, nikalijaza mapya, ingawa banda halikuwa na kazi tena. Usiniulize kwa nini. Usiku nilipanga maneno ya kumwambia kaka, asubuhi nikayabeba mpaka kwake pamoja na chupa ya chai, na kila nilipofika nilimkuta ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, uso ameuelekeza kwenye mwanga, na nikayarudisha nyumbani. Miezi miwili nikaenda na kurudi hivyo. Najionea kinyaa, nasema wazi.

Alhamisi moja wifi alisema amempata mtu wa kununua mashine, na Jumamosi wangekwenda kulifungua banda waone kuna nini. Alisema hayo akitoka kwenda sokoni. Tulipobaki wawili, kaka akasubiri mpaka aliposikia geti linafungwa.

"Dada. Dumu lipo?"

"Lipo palepale."

"Limejaa?"

"Limejaa."

Akapapasa kikombe chake, akakipata. "Kesho ukienda, chukua ufunguo. Ukutani juu ya dumu kuna alama zangu. Mstari wa mwisho, ile ya mwisho kabisa, ifute."

"Alama gani?" nikamwuliza, mtu mzima mimi, nikijitia hamnazo.

"Ya asubuhi ile. Nililinyanyua, likawa zito, nikaandika." Akanywa kidogo. "Wifi yako anajua kuzisoma. Jumamosi atahesabu, si unamjua."

Alijua. Tangu pale alipoinama mbele yangu, vidole vimeshika kope, na mimi nikamwambia yamekwisha, alijua dumu lilikuwa limejaa asubuhi na nani anakaa hatua mbili kutoka kwake. Alijua hospitalini. Alijua wifi alipokuwa akimsema. Nilifungua mdomo, na yale maneno yangu ya miezi miwili yalikuwa pale yote.

"Kaka, mimi..."

"Chai ya leo umeijaza sukari," akasema. "Kesho punguza."

Akanigeuzia uso kwenye mwanga wa mlango. Nikafunga mdomo. Nilielewa kwamba hataki kusikia, na kwamba nikisema, wifi atanichukia mimi badala yake, na yeye atabaki hana macho vilevile na dada pia hana. Alishazipiga hesabu zake akiwa peke yake kwenye kile kiti. Angalau hivyo ndivyo ninavyojiambia, kwa kuwa kunyamaza ndiko kulikonifaa mimi.

Kesho yake nilifungua banda. Mistari ya chaki ilikuwa imeteremka ukutani, mwezi chini ya mwezi, na wa mwisho ulikuwa mfupi. Alama ya kumi na nane ilikuwa imenyooka, mwandiko wa mtu anayeona anachokiandika. Nilichovya kitambaa kwenye maji ya macho, nikaifuta, nikasubiri ukuta ukauke.

Jumamosi wifi alikuja na mnunuzi. Wakati mnunuzi anaikagua mashine, yeye alisimama mbele ya ukuta na kidole chake, akahesabu mstari wa mwisho kuanzia mwanzo, polepole, bila kejeli yoyote safari hii. Alipofika kumi na saba kidole kikakosa pa kwenda.

"Kumbe hata kulinyanyua hakulinyanyua," akasema. "Wifi, umeona?"

Nikamwambia ndiyo, nimeona.